Zamu ya Usiku

Jumanne, manyunyu juu ya Moravia.
Tuko watatu tu: mimi, mwanangu Vojta,
na Bwana Hynek mwenye funguo, anayekohoa.
Makumbusho haya yalikuwa ghala la shayiri.
Harufu haijahama.

"Msiguse," asema, kisha yeye mwenyewe anagusa:
ndege ya mwaka wa kumi na sita,
mbao, waya, kitani kilichopakwa vanishi,
bunduki moja imetua puani kama nzi.
Vojta ananinong'oneza: "Baba, si ni tiara tu hii?"

Ukutani, rubani ana masharubu, nishani tatu,
na tarehe mbili zilizokaribiana mno.
Tunasoma jina lake.
Tunalisahau kabla hatujafika mkiani.

Walipolivua bawa kitambaa cha zamani, asema Hynek,
upande wa ndani walikuta maandishi ya penseli:
*Zdislava, zamu ya usiku. Mkono unauma.*
Basi. Hana picha.
Kipande kile wamekiweka chini ya kioo,
kando ya ndoo inayokinga paa linalovuja.

Nachuchumaa.
Mshono, mshono, mshono, mmoja umekwenda upande
(hapo labda alisinzia), kisha tena mshono.
Mtu alikesha akihesabu ili mwingine asianguke.
Alianguka hata hivyo. Si kwa kosa la uzi.

Nje Vojta ananyoosha mikono,
ananguruma, anakata kona juu ya madimbwi.
Natazama koti lake: kifungo cha pili,
nilichokishona jana usiku, macho mazito.
Kimeshika.