Mstari wa Saba

Leo ni siku ya saba. Nimekamua, nimemwaga.
Shimo nimelichimba nyuma ya zizi, upande wa minyaa,
mbali na mbwa, mbali na ndama,
mbali na macho ya mama mkwe
asemaye maziwa yakigusa udongo kiwele hukauka.
Namwaga polepole, kama mtu anayeomba radhi.

Mabaka ananitazama. Anacheua.
Chuchu ya nyuma, ya kushoto, mwezi uliopita ilikuwa jiwe:
ukiibana inatoa mabonge na uzi wa damu.
Nkwabi akaleta kichupa kutoka mnadani Igunga,
kimeviringwa gazetini pamoja na ugoro,
akapima dawa kwa jicho, kama apimavyo wingu.
Sindano moja. Kesho yake, ya pili. Ng'ombe akala.
"Amepona," akasema,
akakichomeka kichupa kwenye nyasi za paa
kingoje ng'ombe mwingine, au goti lake.

Hakupona. Alinyamaza tu.

Tulipomchoma tena, dawa ile ile, mara tatu, mara nne,
ilikuwa kupiga hodi kwenye nyumba iliyohamwa.
Ndipo akaja Ng'washi wa mifugo, na pikipiki isiyo na taa,
akakamua kiganjani, akanusa.
"Mara ya kwanza mlimchoma siku ngapi?"
Nkwabi akazitazama kandambili zake.
"Mbili."
"Basi mliua vile vinyonge.
Vilivyobaki vimeshaijua dawa, na vimezaa."

Dawa mpya, bei ya mbuzi.
Siku tano, saa ile ile, hata akichangamka, hata akinipiga teke.
Kisha siku nne za kungoja.
Karatasi nimeisoma mwenyewe, maandishi kama sisimizi:
jumla siku tisa. Lita nne kwa siku.
Elfu moja na mia mbili kwa lita.
Hesabu hii naijua usingizini:
elfu arobaini na tatu, na mia mbili.
Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki.
Walisema maji. Ya maziwa hawakuthubutu.

Jana usiku, taa imezimwa, Nkwabi akanong'ona:
"Changanya na ya yule mwekundu.
Nani ataonja sindano?"

Hakuna. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.
Haina ladha, haina rangi, haielei juu kama mafuta.
Mwalimu Tungaraza angekunywa chai yake akashukuru.
Kabula angemkorogea uji Shija, mwenye meno mawili,
yule Shija aliyelazwa masika yaliyopita,
dawa ikabadilishwa mara tatu ndipo homa ikasikia.
Sisemi ni maziwa yangu. Daktari hakusema.
Lakini nilikaa ukingoni mwa kile kitanda,
na mwezi ule nilikuwa nauza, kila asubuhi,
na kichupa kilikuwa kwenye nyasi za paa.

Nachora mstari wa saba mlangoni, kwa mkaa.
Nairudisha ndoo nyepesi. Mkono hauzoei.

Halafu nasikia jembe nyuma ya zizi.
Mama mkwe ameinama juu ya shimo langu,
anafukia, anamwagia majivu, anakanyagia kwa kisigino.
Nangoja neno.
"Nzi," anasema, bila kunitazama.
"Na kesho chimba refu zaidi."