Hesabu ya Mikaratusi

Mwezi wa kumi balbu yetu iliugua.
Ikawa nyekundu
kama jicho la mgema asiyeuza ulanzi wote.
Zabroni Mhavile, mlinda mtambo,
akashuka bondeni na reki yake,
akakuta chujio safi, hakuna jani,
na maji yakiingia bombani kimyakimya
kama watu waliochelewa ibada.

Miaka sita tulikuwa tumedekezwa.
Mashine ya Yustina Chengula ilikwisha kuacha dizeli,
unga ukarudi kunukia mahindi.
Wakunga wa zahanati
hawakuuma tena tochi kwa meno.
Na mimi jiografia ya kidato cha pili
niliisomea mwangani,
mwanga ambao asubuhi yake
nilikuwa nimeuchota kwa ndoo.

Kikaitwa kikao. Ukungu wa Mufindi
ukaingia nao, ukakaa benchi la nyuma.
Fundi aliyetoka Mafinga hakuwa msemaji.
Alikuwa amepanda hadi kwenye chemchemi,
amerudi na tope kavu kiganjani.
Akatuonyesha lile tope, akauliza:
"Ile mikaratusi kule juu, ya nani?"

Kimya nacho kina namna yake ya kunyoosha kidole.

Ya baba.
Arobaini na mitatu.
Naijua idadi maana kamba niliishika mimi:
hatua tatu, shimo,
hatua tatu, shimo,
naye nyuma yangu akiibatiza,
huu sare, huu madaftari,
ile minne ya pembeni, chuo.
Shamba la ada, ndivyo alivyoliita.
Lakini mkaratusi haujui ada.
Unajua maji.
Unakunywa mchana, unakunywa usiku,
haushibi na haulewi.

Baba hakubisha.
Alivaa koti la mvua, msimu usio na mvua,
akapanda mlimani peke yake.
Saa mbili usiku balbu ikazima kabisa.
Mama akatoa kibatari uvunguni,
kikatema moshi wa utoto wangu,
tukapiga chafya sote, hata bibi
aliyedai siku zote kwamba umeme unamwumiza macho.

Aliporudi magoti yake yalikuwa na udongo.
"Mwambieni Zabroni alete msumeno.
Ila wa kwanza nauangusha mwenyewe."

Mnunuzi wa nguzo alikuja na lori na utepe.
Tisa aliikataa, imepinda; ikawa kuni za shule.
Thelathini na minne aliilipia
bei ya mtu anayejua kuwa una haraka.
Ada ikatosha mwaka mmoja na robo.
Iliyobaki baba aliitafuta kwenye chai ya watu,
kikapu mgongoni, vidole vyeusi.

Kule juu tukapanda mivengi,
miti isiyo na bei,
inayokua kwa uvivu wa ng'ombe aliyeshiba.

Sitasema palitokea muujiza.
Mvua ilinyesha kote mwaka ule,
hata kwa wasiokata kitu.
Nasema tu kwamba Oktoba iliyofuata
balbu ilikuwa njano,
njano ya kiini cha yai la kienyeji,
na Zabroni alikuwa analalamika tena juu ya majani.

Sasa waya umevuka hadi kijiji cha pili.
Nguzo zimesimama kando ya barabara ya chai,
hazina gome, zinanuka dawa,
kama vijana waliorudi jeshini wamenyolewa.
Huwezi kujua zilitoka mlima gani.
Baba anajua.
Karibu na kona ya kanisa kuna moja
yenye kovu la panga, usawa wa kifua cha mtoto.
Kila akipita anaiwekea kiganja
kama anayepima homa.

"Huu ulikuwa madaftari," anasema.

Juu yetu waya unavuma,
na chini, mbali, nyuma ya ukungu,
mto unasikika ukiendelea na kazi.