Mara ya Nne, Trieste

Mara ya kwanza tulikuja na orodha.
Ngome, makanisa, kasri jeupe juu ya mwamba,
picha mia tatu ambazo hadi leo hatujazifungua.
Tukarudi Graz miguu imevimba,
tukiwaambia watu: Trieste? Tumeimaliza.

Sasa ni mara ya nne na hatuna ramani.
Tuna ufunguo.
Bi Nerina kauacha kwa fundi viatu wa ghorofa ya chini,
kwenye bahasha iliyoandikwa *wale wa dirisha*,
maana mwaka juzi tuliliacha wazi tukaenda kula dagaa,
upepo ukaingia, ukamwaga rihani zake zote ngazini.
Wanauita bora, upepo huo,
ila hauna ubora wowote ukiwa huna pa kushika.

Jumamosi nashuka peke yangu, nywele sijachana.
Naagiza kahawa kwa jina wanaloliita wao,
na Livio, yule mwenye kovu kidevuni, hainui hata macho.
Raha iliyoje kutotazamwa!
Kiwiko changu kando ya kiwiko cha dereva wa basi,
kijiglasi kina povu,
kwa dakika nne mimi si mgeni wa mtu.
Halafu nalipa, nachanganya sarafu,
na Livio ananirudishia chenji kwa Kijerumani.

Mchana tunakwenda kuoga baharini,
pale penye ukuta mweupe ulioingia hadi majini:
wanaume huku, wanawake kule.
Naachana na Leopold mlangoni
kama tunaopeana talaka ya bei nafuu.
Upande wetu ajuza wamevua vya juu,
wanacheza karata juu ya kokoto,
makovu ya upasuaji yanaota jua bila haya.
Fulvia, miaka themanini na mitatu, ananihoji:
Wako yuko ng'ambo? Yuko.
Miaka mingapi? Ishirini na sita.
Anapiga karata yake chini.
Basi mwache naye apumzike.

Ndipo nagundua taulo lake limo kikapuni mwangu.
Naita. Sauti yangu ya kigeni inagonga ukuta, inaanguka.
Fulvia anasimama, anajaza mapafu:
Leopoldooo!
Na wenzake wanapokea, kumi, ishirini,
hata wale walio majini mpaka shingoni,
mpaka jina la mhasibu wangu mpole
linapaa juu ya ukuta na kumwangukia.
Ng'ambo, kimya. Kisha kicheko cha wanaume.
Narusha. Taulo linafunguka hewani, linapotea.
Halafu sauti ndogo, ya aibu, yenye lafudhi ya milimani:
Asanteni, mabibi.
Usiku mzima alikuwa akicheka peke yake gizani.

Mgeni siku mbili, walisema wahenga,
ya tatu mpe jembe.
Sisi huondoka Jumapili, daima, kabla ya jembe.
Lakini leo asubuhi, mabegi yakiwa mlangoni,
Bi Nerina kagonga, kavaa glavu:
kabati la marehemu mumewe linashuka, ghorofa nne,
na mpwa aliyeahidi kuja hakutokea.
Hakuuliza kama tuna nafasi.
Alisema tu, wewe shika huku.

Treni ya saa sita imetuacha.
Nimechubuka kidole. Leopold kaegemea ukuta, anahema.
Kwenye kona ya ghorofa ya pili droo moja ilichomoka
ikatema vifungo vya mashati, vya miaka arobaini labda,
na bado vinashuka, tunavisikia,
ngazi hadi ngazi,
na Bi Nerina kasimama kule juu hajasema neno.

Tutapanda ya jioni.
Kwa sasa kuna vifungo vya kuokota.