Mhazigi wa Farasi Amepita

Umeniuliza, Clotilde, atafanya nini akija kwako Jumanne.
Nitakueleza alivyofanya hapa, ya maana utayachambua mwenyewe.

Kwanza msugue farasi tope, umkaushe jasho.
Asitoke kazini moja kwa moja. Funga mbwa.
Mimi sikufunga mbwa. Hilo tuliache.

Alishuka garini, binti mwembamba, buti kubwa kuliko miguu,
nami nikachungulia nyuma yake nikitafuta vyombo:
nyundo, sindano, mashine yenye nyaya.
Hakuna. Mikono miwili tu, imepasuka kwa baridi ya Jura,
kucha fupi.
Nikajisemea: yuro themanini hizo, Firmin, umezitupa thelujini.

Hakumgusa Pervenche. Alimtazama.
Mtembeze hadi kwenye pipa, urudi.
Tena. Sasa duara dogo, kulia. Kushoto.
Akachuchumaa topeni akiangalia kwato zinavyotua,
kama mtu anayesikiliza majirani wakigombana nyuma ya ukuta.
Kisha maswali, utadhani karani wa mahakama:
hulala ubavu gani? Meno yalitazamwa lini?
Magogo huyavuta akipanda au akishuka?
Na nira hii ya shingoni ilikuwa ya nani kabla yake?
Ilikuwa ya Bourru. Bourru alikuwa mpana.
Nilijibu kwa sauti ndogo.

Ndipo mikono ikaanza,
utosini, nyuma ya masikio, ikateremka shingoni
polepole, kama ya mgeni anayepapasa swichi gizani
katika nyumba asiyoijua.
Nilingoja mifupa ilie ka!
Hailii, Clotilde. Usiusubiri mlio.
Anainua mguu, anausogeza kidogo, anatulia.
Anatulia mpaka wewe unaona haya.
Kilo mia saba na ushei za mnyama,
naye anasukuma kwa nguvu ya kufunga kitabu.

Chini ya bega la kushoto Pervenche aligeuka na meno.
Hakumchapa. Alisema: ahaa, ni hapa, samahani.
Akaondoka pale, akarudi kwa njia ya mbali,
ubavuni, kiunoni, kwenye shina la mkia
(mkia anaushika kama kamba ya kengele na kuuegemea; usicheke)
mpaka bega likasahau kujihami.

Kisha farasi akapiga miayo.
Saba, nilihesabu, ufizi wote nje,
mdomo wa chini ukining'inia kama soksi iliyolowa,
tumbo likinguruma.
Miaka kumi na mmoja namlisha, sikuwahi kumwona akipiga hata mmoja.
Nilidhani hakuumbiwa.

Masharti yake: nira ibadilishwe.
Kesho atakuwa mzito, usishtuke.
Akichechemea, mwite daktari wa mifugo, usiniite mimi.
Siku tatu bila gogo, ila kila siku
umtembeze dakika ishirini, kwa kamba tupu.
Siku tatu! Na mbao zimeahidiwa!
Akanyoosha kidole: na bega lako hilo?
La zamani, nikasema.
Hakujibu. Ila nilipokwenda kuchukua pochi
nilijua ananitazama ninavyotembea.

Jana tukapanda njia ya misonobari, mimi na yeye, bila mnyororo.
Tulipofika kwenye rundo la magogo
Pervenche akasimama, akageuza kichwa nyuma, afungiwe mzigo.
Leo hakuna, nikamwambia.
Hatujawahi kuingia msitu ule tusitoke na kitu.
Basi tukasimama, wawili tusiojua tuifanyie nini migongo yetu,
theluji ikiporomoka matawini,
mpaka mmoja wetu akapiga miayo.

Na maji ya moto ya kunawa, Clotilde. Niliyasahau.
Wewe umwekee.