Safu ya Nne

Safu ya kwanza ni jina. Ya pili, namba ya mlango.
Ya tatu, vichwa vinavyolala humo.
Hizo zajaa upesi, mkono hautetemeki.
Ya nne ndiyo iliyonitoa jasho Kivumbini
tangu asubuhi ya Jumanne:
mapato kwa mwezi.

Kaunti imesema sasa kodi ifuate mfuko,
si mfuko uikimbize kodi.
Neno zuri. Nami karani nikapewa kalamu mbili
na ruhusa ya kuchakaza viatu vyangu mwenyewe.

Mlango wa kumi na nne, Kerubo, muuza matumbo,
akaniuliza: "Mwezi upi?
Mwezi ni wa wenye mishahara. Mimi nina siku.
Jana mia tatu na arobaini.
Juzi mvua.
Mtondo wa nyuma kanjo wakabeba mizani yangu,
hata leo sijaikomboa."
Nikatafuta mahali pa kuandika mvua.
Fomu haina.

Mzee Chelimo, aliyefunga breki za treni
miaka ishirini na minane,
alivaa koti kwanza ndipo akajibu.
Pensheni aliitaja kwa kunong'ona,
kisha akaniomba niongeze elfu mbili.
"Mkwe wangu yuko ofisini kwenu. Asije akaisoma."
Mzee, nikamwambia, ukiongeza hapa
na kodi yako itapanda.
"Najua," akafunga kifungo cha juu.
"Aibu nayo hutozwa, na hiyo haina awamu."

Mlango wa thelathini na moja
jina ni la Bwana Gatheru, mwenye ghorofa kule Milimani.
Ndani nikamkuta Nasimiyu na watoto watatu,
wanaomlipa Gatheru mara nne
ya kile Gatheru anachoilipa kaunti.
Nikampigia simu.
"Andika sifuri," akasema, "biashara imelala."
Nyuma ya sauti yake lango la chuma lilikuwa likifunguliwa,
na mtu akisema, karibu bosi.
Sifuri ni duara. Nilipoichora
ilinitazama kama jicho.
Nasimiyu akanipa kiti. Sikukaa.

Jioni nikafika mlango wa arobaini, kwangu.
Mideva akaninyang'anya kalamu, akaketi upande wa pili wa meza.
"Jina?"
Tukacheka.
"Mapato?"
Nikataja mshahara.
"Huo wa kwenye karatasi," akasema, "au huu
ambao hatujauona tangu Agosti?"
Maharagwe yakachemka, yakapunguza maji, yakaongezwa mengine,
na safu ya nne bado nyeupe.

Kesho nazirudisha, fomu sitini na mbili,
zimefungwa kwa kamba ya mkonge.
Kwenye ile ya Kerubo nimeandika tarakimu, kama nilivyotumwa.
Ila pembeni, kwa penseli,
pale ambapo mhasibu hupitisha kifutio chake,
nimeandika: mvua, siku tisa.
Na chini yake: mizani.