Kilo Kumi na Mbili

Anneli ameuliza kutoka Tampere:
chukudu hubeba kilo ngapi?
Breki yetu, kwenye kioo chake, haishiki.

Nikaazima mizani soko la Virunga,
nikamsimamisha Paluku akiteremka toka Kibumba,
jasho, vumbi la lava, magunia manne ya viazi.
Mia nne na kumi na mbili.

Umeme ukakatika kabla sijatuma.
Nikapanda rundo la mawe meusi
kuomba mtandao upande wa Gisenyi;
ukaja, ukaenda, ukaja.

Alfajiri, mchoro mpya:
raba nene zaidi chini ya kisigino.
Na swali: gunia ni kilo mia,
hizo kumi na mbili ni za nini?

Kahindo, nikajibu.
Bintiye. Alikuwa amelala juu ya viazi.