Bisibisi Menoni

Masikio ya baba yalibaki kiwandani, Kemi,
miaka thelathini na mmoja kando ya mashine ya karatasi.
Alistaafu na saa ya ukutani
ambayo haisikii ikigonga.

Ndiyo maana Lada ilipoanza kupiga hodi
kutoka ndani,
hakuniuliza mlio ukoje.
Alifungua boneti, akaniashiria: washa.
Kisha akang'ata mpini wa bisibisi,
ncha akaikita kwenye chuma cha injini,
akasikiliza kwa taya.

Nje, digrii ishirini chini ya sifuri.
Bandani hita moja ya mafuta ya taa,
na bado mate yalimgandia ndevuni.

Nikachomoa waya wa plagi ya kwanza: akatikisa kichwa.
Wa pili: bado.
Wa tatu, akainua mkono
kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa.

Raimo, jirani, mlangoni na kikombe chake:
"Chuma chakavu hicho, Marketta. Mwambie."
Nikasema, "Mwambie mwenyewe."
Akamtazama baba, akanywa kahawa yake, akaenda.

Jumamosi nililala chali juu ya kadibodi,
nikashusha karai la oili.
Ndani yake, vumbi la dhahabu isiyouzika
lilimeta kwenye weusi.
Beringi ya tatu ilikuwa imelika hadi kwenye shaba,
nyembamba kama ukucha.
Baba aliigeuzageuza kiganjani,
akaitia mfukoni mwa shati. Sikumuuliza.

Mpya tulizipaka oili kwa kidole.
Boliti za mwisho, siku zote, hukaza yeye.
Safari hii alinipa mimi spana,
akaweka mkono wake juu ya wangu,
tukavuta hadi chuma kikasema basi,
akauondoa.

Tulipowasha, nilisikia:
ngurumo laini, hakuna anayebisha.
Nikampigia begani kwa vidole,
moja, tatu, nne, mbili,
moja, tatu, nne, mbili,
naye apate kuujua mwendo.
Akacheka. Nikadhani yamekwisha.

Lakini kuna kitu sikumgongea:
ti, ti, ti, kidogo sana, kwa juu.
Njaa ilikuwa inaniuma. Nilitaka tukale.

Akachukua bisibisi, akaing'ata,
akafumba macho.

"Valvu," akasema, kwa sauti ile kubwa
ya mtu asiyejisikia. "Kesho."